Nyuki Haruki Usiku



Nimeombwa niseme juu ya vitabu vipya vya historia ya Singida. Nimekuja na kikapu, na mmeniona nikivipanga hapa mezani. Viko sita. Kipya ni kimoja tu: kina kurasa 48, kimebanwa kwa pini mbili za stepla, na ukurasa wake wa 9 una kosa nililolitia kwa mkono wangu. Vile vitano ni vya zamani, na vitatu kati yake ni fotokopi, maana vyenyewe sijawahi kuvishika. Mwenyekiti wa mkutano huu aliponiona navitoa alininong'oneza, "Mwalimu, tulisema vitabu vipya." Nikamwomba avute subira. Kwa msomaji wa Ikungi au Kiomboi, kitabu cha mwaka 1978 ambacho hakijafika Ikungi wala Kiomboi ni kipya kabisa. Kurasa zake hazijaguswa.

Nianze na vilivyokwenda mbali.

Hizi karatasi zenye Kijerumani ni kazi ya Eberhard von Sick, afisa wa jeshi la Wajerumani. Ilitoka mwaka 1915 katika jarida la Baessler-Archiv, Ulaya ikiwa katikati ya vita. Inawahusu "Waniaturu", ndivyo alivyotuandika. Miaka saba nyuma yake, 1908, Wanyaturu walikuwa wameinuka dhidi ya Wajerumani, ule mwaka ambao masimulizi yetu yanaufunga na jina la Liti, mwanamke nitakayemrudia baadaye. Yaani tulipigwa, tukatulizwa, kisha tukaandikwa, na yote matatu yakafanywa na jeshi moja. Mimi Kijerumani sijui. Nimesomewa vipande na kijana aliyekisoma chuoni, naye akawa anasimama kila mara na kusema, "Mwalimu, hapa ameandika jina la kitu cha nyumbani, lakini sijui ni kitu gani." Analitamka kama lilivyoandikwa, bibi aliye jikoni anacheka na kutuambia kutoka kule kule ni kitu gani. Tulikaa hivyo alasiri nzima: Mjerumani aliyekufa zamani, kijana wa chuo, na bibi anayepepeta mtama, na mwenye majibu alikuwa bibi.

Fotokopi ya pili ni ya Harold Schneider, Mmarekani, *The Wahi Wanyaturu*, ya mwaka 1970. Huyu alihesabu ng'ombe, nafaka na mahari kama mhasibu wa chama cha ushirika, na wapo wenzake waliomkasirikia kwa kusema kuwa ng'ombe kwetu alifanya kazi ya fedha. Mzee yeyote aliyewahi kuoza binti angeshangaa kwamba jambo hilo liligombaniwa na wasomi. Ya tatu ni *The Long Path* ya Marguerite Jellicoe, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1978. Jellicoe ndiye pia aliyeandika makala juu ya upinzani wa Wanyaturu katika jarida la *Tanzania Notes and Records* mwaka 1969.

Wapo na wengine ambao sikuweza kuwabeba. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alichambua sarufi ya Kinyaturu katika tasnifu ya mwaka 1964. Todd Sanders aliandika juu ya mvua ya Wanyisanzu, kitabu kikatoka Kanada mwaka 2008. Ludwig Kohl-Larsen, daktari wa Kijerumani, alizunguka pande za ziwa Eyasi miaka ya 1930 akikusanya hadithi za Wahadzabe; zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1956. Mtoto wa Kihadzabe wa Munguli akitaka kusoma hadithi aliyosimulia babu wa babu yake, itabidi kwanza ajifunze lugha ya Ujerumani.

Siwalaumu hawa. Walikaa juani, wakauliza, wakaandika, na bila wao mengi yangezikwa na wenyewe. Ila tazameni jambo moja. Kila kimoja cha vitabu hivi kilisahihishwa kabla ya kuchapwa. Kilisomwa na profesa, au mhariri, au mmisionari mwenzake. Aliyesimuliwa ndani yake hakukisoma. Bibi yule wa mtama, kama angekuwapo 1915, asingepewa nafasi ya kusema, "Hapana, hicho si kinu, ni kitu kingine." Hilo ndilo ninalotaka kulisema usiku huu, mengine yote ni nyongeza: kitabu cha historia ya mahali hakijamalizika mpaka wenye mahali pale wamepata nafasi ya kukikosoa, na kitabu kinachokosoleka kwa urahisi ni kitabu kidogo.

Jirani zetu wametutangulia. Huyu hapa ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, Dodoma, mtumishi wa serikali na mshairi mkubwa. *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* kilitolewa mwaka 1954 na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948 ili Waafrika wapate vitabu kwa lugha zao. Mgogo aliandika habari za Wagogo kwa Kiswahili, na Mgogo mwingine aliweza kukaa chini ya mbuyu na kubisha. Mwaka 1995 Gregory Maddox akakitoa kwa Kiingereza. Safari hiyo naipenda, maana kwa kawaida sisi ndio tunaosubiri kutafsiriwa.

Na hiki chenye jalada safi ni *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera* cha Petro Itosi Marealle. Kiliandikwa mwaka 1947. Nakala niliyonayo ni ya Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, nayo ilikirudisha mwaka 2002. Miaka 55 baadaye! Kijana wa Marangu aliyezaliwa mjini Dar es Salaam anakipata dukani kama kitabu kipya. Hapo mwenyekiti wangu anatikisa kichwa. Nadhani sasa amenielewa kuhusu kikapu.

Sasa, nani hapa nchini huchapa vitabu vya namna hii? Makampuni makubwa hayavitaki, na sababu yake ni hesabu tu. Tangu biashara ya vitabu vya shule ilipofunguliwa kwa wachapishaji binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi waliishi kwa vitabu vya darasani. Kazi hiyo iliporudishwa Taasisi ya Elimu kuanzia 2013, wengine walibaki wakihema. Mchapishaji anayehema hawezi kukuchapia historia ya kata.

Waliovichapa walikuwa watu wenye mashine iliyonunuliwa kwa kazi nyingine. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walikuwa na mitambo ya kuchapa katekisimu, vitabu vya nyimbo na magazeti ya misheni. Mashine ikiwa hapo, fundi yupo, karatasi ipo, padre mmoja akiwa na mswada kabatini, historia hudandia. Ndivyo Padre Elzear Ebner alivyoweza kutoa habari za Wangoni, kwanza kwa kurudufu mwaka 1959, kisha kitabu kamili mwaka 1987. Na ndivyo Benjamin Mkirya alivyotoa *Historia, Mila na Desturi za Wazanaki* mwaka 1991. Mswada wa Wazanaki uliochapwa na watawa wa kusini! Ukikitazama hutaona rangi wala picha za kung'aa. Ukienda Butiama utaona watu wanaokijua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni mtambo gani Singida una nafasi ya kudandiwa, namjibu: mashine ya riso ya kuchapia mitihani. Mitihani ya majaribio ikiisha, mashine inalala. Hiki kijitabu chetu kilizaliwa kwenye mashine ya namna hiyo, katika steshenari ya mtaani, kwa karatasi tulizonunua wenyewe. Kurasa 48 ni mara tatu ya 16, hesabu ambayo fundi yeyote wa uchapaji ataipenda, maana akija kukichapa kwa mtambo mkubwa hakuna karatasi inayobaki. Tulitoa nakala 200. Katikati ya kila ukurasa kuna maandishi, na pembeni kulia tumeacha upana wa vidole vitatu, mweupe. Kijana wa steshenari alituonya kuwa tunapoteza karatasi. Tukamwambia aache hivyo hivyo.

Ukurasa wa 9 sasa.

Kijitabu chenyewe ni juu ya Liti. Jina hili mnalijua hata nyinyi msiosoma, kwa sababu uwanja wetu wa mpira, uliokuwa Namfua, leo ni Uwanja wa Liti. Watu wanakuja kutoka Dar es Salaam kutazama ligi, wanasoma jina ukutani, wanadhani ni jina la kampuni. Masimulizi yanasema alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki, mpaka akauawa. Nilikusanya masimulizi manne kutoka vijiji vinne. Yanagongana, nami nikafanya kile ambacho mwalimu wa Kiswahili hufanya akipewa vipande vinne: niliviunganisha viwe insha nzuri. Niliandika kwamba usiku wa manane, mwezi ukiwa umezama, Liti aliwafungulia nyuki, wakaruka kama wingu jeusi hadi kambi ya Wajerumani.

Tulikwenda kukisoma kijijini kabla hatujaanza kukiuza. Tulikaa kwenye baraza, watu kama ishirini. Nilisoma kwa sauti, na nakiri nilikuwa najisikia. Nilipomaliza ukurasa wa 9, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, mrina asali wa siku nyingi, vidole vyake vimekakamaa, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "nyuki haruki usiku."

Nikamwambia, mzee, ndivyo masimulizi yanavyosema. Akaniuliza, ni nani alisema usiku? Nikafungua daftari langu la kaunta mbele ya watu wote nikamtafuta aliyesema usiku. Hayupo. Mmoja alisema asubuhi, mwingine alisema jua likiwa kali, wawili hawakutaja wakati. Usiku uliletwa na mimi, kwa sababu usiku unapendeza.

Mzee akaendelea, bila kunicheka. "Usiku nyuki anatambaa. Ukifungua mzinga gizani atakupanda miguuni, atakuuma wewe uliyemfungua, wala hatakwenda kokote. Ndiyo maana sisi tunarina usiku. Huyo mama kama alikuwa anajua nyuki, na wanasema alikuwa anajua, asingefanya usiku." Akanyamaza kidogo, akaongeza swali ambalo sijalisoma kwa Mjerumani wala kwa Mwingereza yeyote: "Na hao walikuwa na bunduki. Bunduki zao zilitoa moshi? Maana moshi unampumbaza nyuki."

Nilirudi mjini na swali hilo. Nilichokipata ni kwamba askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani, hata kufikia vita vya 1914, walikuwa bado wamepewa bunduki za mtindo wa 1871, zinazotumia baruti ya kale, ile inayotoa moshi mzito mweupe. Basi moshi ulikuwapo. Je, uliwatuliza nyuki au uliwachokoza? Wafugaji wawili wa nyuki niliowauliza wameshindana mpaka leo. Lakini tazameni lilipotufikisha swali la mzee: hadithi iliyokuwa muujiza imekuwa vita, yenye saa yake, upepo wake, umbali wake na silaha zake. Liti wa ukurasa wangu wa 9 alikuwa mchawi wa kwenye sinema. Liti wa mrina asali ni mtu anayejua kazi yake.

Siku hiyo hiyo nilipigwa pigo la pili. Mama mmoja mzee alikataa neno "malkia". Nilikuwa nimeandika "Malkia Liti" jaladani, kwa herufi kubwa. Akasema, "Malkia wa nani? Sisi tulikuwa na malkia?" Na ni kweli. Kabla ya Wajerumani, Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Kulikuwa na koo, na wazee wa koo, na watu waliosikilizwa kwa ujuzi wao. Utawala wa kigeni ndio uliotupangia machifu, kwa kuwa hauwezi kutoza kodi mahali pasipo na mtu wa kumwita ofisini. Kumwita Liti malkia ni kumvisha kofia ya walewale aliopigana nao. Jalada la nakala 200 lilikuwa limeshachapwa. Tulikaa siku mbili tukifuta neno "malkia" kwa kalamu ya wino mweusi, jalada moja moja. Mkikinunua mtaona doa hilo juu ya jina lake. Wapo walioniuliza kama ni nembo.

Kuna aina moja ya kitabu ambayo imezoeleka sana katika nchi hii, nami naiheshimu lakini naiogopa kidogo: "Historia, Mila na Desturi za Wa-" halafu jina la kabila. Sura ya kwanza asili yao, ya pili ndoa, ya tatu tohara, ya nne mazishi, na mwisho orodha ya machifu. Aina hii ilizaliwa wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kila kabila liwe na sanduku lake, na waandishi wetu wakaijaza kwa hekima yao. Lakini Singida haikai kwenye sanduku. Wanyaturu wenyewe ni Wahi, Wairwana na Wanying'anyi, na ukiwaweka pamoja kwenye kilabu watakuonyesha tofauti zao kabla chupa ya pili haijafunguliwa. Wanyiramba, Wanyisanzu, Wahadzabe, Wabarbaig, Wagogo wa Manyoni, Wakimbu wa Itigi, Wasukuma waliofuata malisho, Wahindi na Waarabu wa maduka. Kitabu cha kabila kitaanza kwa kusema nani ni mwenyeji, na mkutano utavunjika kwenye ukurasa wa 3.

Kwa hiyo katika kikundi chetu, ambacho hata jina hakijapata kwa sababu kila jina linalopendekezwa lina kabila ndani yake, tumekubaliana kitu kimoja: kila kijitabu kiwe juu ya kitu. Kisima. Barabara. Mti wa mkutano. Mgodi.

Chukueni Sekenke, kule Iramba. Wengi wenu mnaijua kwa mlima wake, ule ulioyala malori kwenye barabara ya zamani ya kwenda Nzega. Lakini mwaka 1916, jeshi la Wajerumani likiwa limezibiwa bahari na fedha zimewaishia, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa dola la Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushee, kisha Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora na shughuli ikaisha. Leo sarafu hiyo inanadiwa Ulaya na Marekani kwa fedha ambayo ingenunua ng'ombe wa boma zima. Wanaoikusanya wana vitabu juu yake. Wanajua ncha ya pambo lake inaishia chini ya herufi gani, maana kuna aina mbili. Wasichokijua ndicho sisi tungeweza kukitafuta: nani alichimba, alilipwaje, alilala wapi, dhahabu ilibebwa na nani kutoka Iramba hadi Tabora katika nchi iliyo vitani. Kurasa 48 zinatosha kabisa, na kichwa cha kitabu kipo tayari: *Tembo wa Sekenke*. Kijana wa Iramba anayetaka kukiandika aje anione baada ya hapa, nina daftari la ziada.

Au chukueni reli. Vijana wanadhani reli ya kuja Singida kutoka Manyoni ni jambo la karibuni. Waingereza walijenga tawi miaka ya 1930, likapita Singida hadi Kinyangiri, kisha miaka ya 1940 wakaling'oa. Waling'oa vyuma vyote! Reli imeletwa, watu wamezoea king'ora, maduka yamefunguliwa kwenye stesheni, kisha siku moja wanakuja watu na mitalimbo na kuibeba kama mtu anayekunja mkeka wake. Nimetafuta watu walioona kwa macho. Wamebaki wachache sana, na waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka vitu ambavyo jalada la serikali halina: sauti ya vyuma vikitupwa kwenye behewa, mtoto aliyeficha boliti moja ikawa nyundo ya nyumbani kwao kwa miaka mingi. Boliti hiyo nimeishika. Ina uzito wa mtoto mchanga wa mbuzi. Mwenye nayo hataki kuiuza wala kuipeleka makumbusho. Anagongea vigingi vya hema la arusi.

Ya Mgunda Mkali sitasema mengi, kwa kuwa yupo mwenzangu anayeiandika. Ni lile pori la huku Manyoni na Itigi ambalo wapagazi wa misafara walilipa jina la kutisha kwa kukosa maji na chakula. Burton na Speke walilipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wote watatu wakalalamika kwa kirefu. Waliobeba mizigo yao hawakuachiwa karatasi ya kulalamikia.

Ya mahali paitwapo Kirumi, kwa Wanyisanzu, ni nzito zaidi. Kule kuna habari za mvua, za watemi wa mvua, mwanamume na mwanamke, na asili yao wanayoitaja kuwa ni Ukerewe. Tulipofika kuuliza kama tunaweza kufanya kijitabu, wazee walitusikiliza kwa adabu, wakatupa maziwa, wakasema mengine yanaandikwa na mengine hayaandikwi, na kwamba watatuambia ni yapi. Hawajatuambia bado. Tunangoja. Najua mambo hayo mengine yameshachapwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kuyachukua huko na kuyaleta kwa Kiswahili bila kuuliza mtu. Sisi hatutafanya hivyo. Kitabu kikirudi nyumbani kipige hodi.

Na tukitaja Ukerewe, mniruhusu nimkumbuke Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, mzee wa watu, kwa mkono, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa chapa ya mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kila ninapomwona mzee anahangaika na daftari lake la ukoo, lililoliwa na mchwa pembe moja, namkumbuka yeye. Nami sina uwezo wa kumtolea mzee huyo kitabu kikubwa chenye namba ya ISBN kabla ya masika ijayo. Nina uwezo wa kumtolea kurasa 16 wiki ijayo, tukazisoma barazani kwake akiwa hai, na akasema wapi nimekosea. Namba tutaomba Maktaba ya Taifa baadaye, chapa ya pili, ikiwa imekomaa.

Kuhusu kuuza, kwa kifupi. Duka la vitabu halitatusaidia. Mjini hapa maduka yanauza madaftari na vitabu vya mitihani. Tumeuza shilingi 3,000 kila nakala, kwa akina mama wa genge, kwenye mnada wa ng'ombe, na stendi ya Misuna asubuhi, abiria wanapongoja basi. Stendi ndiyo iliyouza kuliko kote. Mtu anayeondoka Singida hununua kuku, asali, na sasa wachache wamenunua Liti. Kijana mmoja alirudi baada ya mwezi akaniletea nakala yake. Nilidhani anataka pesa yake. Alikuwa ameisoma Mwanza na mjomba wake, na ile nafasi nyeupe ya pembeni ilikuwa imejaa mwandiko wa mjomba kutoka ukurasa wa 4 mpaka wa 31, mengine ya kunisahihisha, mengine ya kunitukana kidogo. Nakala hiyo ndiyo naitunza kuliko zote. Iko nyumbani, imefungwa kwenye kitambaa. Leo sikuileta kwa sababu ya yale matusi.

Chapa ya pili inaanza kupangwa mwezi ujao. Ukurasa wa 9 utaandikwa upya, jua likiwa limewaka, na mrina asali amekubali jina lake litajwe mwanzoni kwa sharti kwamba wafugaji wale wawili wa nyuki wanaobishana nao watajwe, tena kabla yake, kwa kuwa wamemzidi umri. Hapa mezani kuna nakala 30 za chapa ya kwanza, zenye doa la wino jaladani. Pembeni yake kuna penseli kumi na mbili na kichongeo. Yule mama aliyevaa kitenge cha kijani, aliyekaa nyuma, amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja boliti ya reli. Mama, karibu mbele, tuanze na wewe.